Masafa ya Angani na Saa za Safari: Kutoka Songea Hadi Mwanza

Mtu wa Msamala, mjini Songea, akiitandaza ramani juu ya meza, akaiweka rula penye Songea na kuipima nchi huku na huku, hugundua mambo ambayo mazoea ya safari yalikuwa yamemficha siku zote. Huona kwamba Dodoma, makao makuu ya serikali yake, iko kaskazini yake karibu sawasawa, kwa masafa ya kilomita 500 hivi. Kwamba Mbeya haizidi sana kilomita 320. Na kwamba Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, uko ng'ambo ya Ziwa Nyasa kwa kilomita 420 hivi, ilhali Dar es Salaam, ambako watu wa Ruvuma wamezoea kuwapeleka wagonjwa wao, wanafunzi wao na biashara zao, iko mbali kwa kilomita 580. Kwa mwenye mbawa, basi, mji mkuu wa jirani ni karibu zaidi kuliko bandari yetu kubwa. Lakini muulize abiria yeyote aliyeketi juu ya begi lake stendi ya mabasi alfajiri, atakwambia pasi na kusita kwamba Dar es Salaam ni karibu na Lilongwe ni mbali, naye hatakuwa amekosea, kwa sababu yeye hapimi kwa rula. Hupima kwa saa, kwa nauli, na kwa idadi ya vyombo atakavyovibadilisha njiani.

Nataka kuizungumzia tofauti hiyo iliyopo baina ya masafa na muda, kwa kuwa tangu usafiri wa ndege ulipoanza kuwa jambo la kawaida machoni pa watu wa Songea, nimesikia wengi wakidhani kwamba aliyekata tiketi ya ndege amekwisha kuyamaliza masafa, na ni wachache mno niliowaona wakiketi kuihesabu safari yao kutoka mlango wa nyumba waliyotoka hadi mlango wa nyumba wanayokwenda.

Hisabu ya masafa yenyewe haihitaji elimu kubwa. Dunia ni mviringo, na mzunguko wake unakaribia kilomita 40,000. Wataalamu wa falaki waliugawa mzunguko huo katika digrii 360, na kwa hiyo kila digrii moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kilomita 111. Songea iko takriban digrii 10 na dakika 40 kusini ya khatulistiwa, na Dodoma iko digrii 6 na dakika 10. Ukitoa hii katika ile unabaki na digrii nne na nusu, na ukizizidisha kwa 111 unapata 500 kasoro kidogo, na kwa kuwa miji hiyo miwili iko karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, kazi imekwisha. Kwa Dar es Salaam, ambayo iko kaskazini na mashariki kwa pamoja, utapata kiasi cha kilomita 420 za kupanda na kiasi cha 400 za kwenda ubavuni, na hapo ile kanuni ya Pythagoras ambayo kila mtoto wa sekondari huilalamikia ndiyo itakayokupa 580. Kijana wa kidato cha pili mwenye atlasi na penseli aweza kuifanya kazi hiyo kabla chai haijapoa, na jibu lake halitapishana na la rubani ila kwa kilomita chache.

Sasa tuichukue Mwanza, na nimeichagua kwa makusudi. Miongoni mwa walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara wanaoishi katika manispaa yetu wamo waliozaliwa Kanda ya Ziwa, na miongoni mwa watoto wa Ruvuma wamo walioolewa au kuajiriwa huko. Hivyo basi safari ya baina ya Songea na Mwanza ni safari ya misiba, ya harusi na ya kumwona mzazi aliyejifungua, wala si safari ya mfano wa kitabuni. Kwa rula, masafa ya baina ya miji hiyo ni kilomita 950 na ushei. Kwa barabara, mtu apitaye Njombe, Makambako, Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga hutembea kiasi cha kilomita 1,400. Na kwa ndege, maadamu hapana budi ya kushuka Dar es Salaam na kupanda nyingine, husafiri kilomita 580 za kwenda pwani na 850 za kurudi bara, jumla yake 1,430. Msomaji na azitazame vizuri hesabu hizo mbili za mwisho: barabara inayopinda milimani na ndege inayokata mawingu zinakaribia kulingana kwa urefu wa njia, na yule aliyedhani kwamba ndege imemnyooshea safari, kwa kweli imempeleka Bahari ya Hindi kwanza ndipo ikamgeuza kumwelekeza ziwani.

Hata hivyo ndege inamtangulia mwenye basi kwa mbali sana, na ni haki kuuliza inampita wapi na inampita kwa kiasi gani.

Ndege ambayo watu wetu wameizoea ni ile ya mapanga mawili, De Havilland Dash 8 aina ya Q400, ambayo Shirika la Ndege Tanzania lilianza kuipokea mwezi wa Septemba mwaka 2016, na ambayo lugha ya mtaani iliibatiza jina la pangaboi, kwa dharau mwanzoni na baadaye kwa mapenzi. Huchukua abiria 76, na mwendo wake ikiwa imetulia angani hufika kilomita 660 kwa saa. Mtu akigawanya 580 kwa 660 atapata dakika 53, na atakapoona tiketi yake inasema saa moja na robo au zaidi ya hapo, atadhani amepunjwa. Hakupunjwa. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa pale ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, na hukoma inaposimama kabisa mwisho wa safari. Ndani yake mna mwendo wa polepole wa kuifuata njia ya kurukia, mna kungoja ruhusa ya waongozaji, mna dakika za kupanda ambazo chombo hakijaushika mwendo wake, na mna dakika za kushuka ambazo kimekwisha kuuachilia. Kupanda na kushuka huko hakupungui kwa sababu safari ni fupi. Ndiyo maana safari ya kilomita 580 hutoa wastani wa kilomita 450 kwa saa hivi, ilhali safari ya Dar es Salaam na London, ambayo ni kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, ingefanywa na ndege kubwa ya moja kwa moja kwa muda wa saa kumi hivi, kwa wastani wa 750. Masafa yakizidi mara kumi na tatu, muda huzidi mara nane tu, na anayesafiri karibu ndiye anayelipa dakika nyingi kwa kila kilomita.

Juu ya hayo kuna saa ambazo hazimo katika tiketi. Tumfuate mama mmoja wa Msamala anayekwenda Mwanza kumwona mjukuu. Bajaji inamfikisha uwanjani Ruhuwiko kwa muda mfupi, lakini ameagizwa afike mapema, naye kwa kuwa ana hofu ya kuachwa amewahi zaidi ya alivyoagizwa. Basi hesabu saa moja na nusu ya kupimiwa mizigo, kukaguliwa, kuuliza kama unga wa ulezi unaruhusiwa, na kuketi. Hesabu saa moja na robo au nusu ya kufika Dar es Salaam. Hesabu saa tatu au nne za kuingojea ndege ya Mwanza, na hapo amebahatika, kwani kama ndege ya pili imekwisha kuondoka itambidi alale kwa ndugu Mbagala au Kimara na safari igeuke kuwa ya siku mbili. Hesabu saa moja na nusu ya kufika Mwanza, na saa moja ya kungoja begi na kuingia mjini. Jumla inakaribia saa tisa, na katika hizo alizokuwa angani hazifiki tatu. Ukichukua zile kilomita 950 za rula na kuzigawanya kwa saa tisa, mama huyu aliyepanda chombo cha kwenda kilomita 660 kwa saa amekuwa akiisogelea nyumba ya binti yake kwa mwendo wa kilomita 106 kwa saa, ambao ni mwendo wa gari dogo lenye dereva asiyeogopa askari wa barabarani.

Wa basi naye ana hesabu yake. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam kwa njia ya Njombe, Iringa na Morogoro ni kiasi cha kilomita 950, na abiria anayeondoka alfajiri hujua kwamba ataziona taa za Kibaha usiku. Sheria haimruhusu dereva wa basi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu haimruhusu kuzidi 50. Na njia hii imejaa makazi, imejaa matuta, na ina mahali ambapo hata sheria isingekuwapo milima ingeitunga. Magari huteremka Lukumburu kwa tahadhari, hujikongoja Kitonga nyuma ya malori ya Zambia na Kongo yasiyopitika kwa urahisi, kisha hutambaa kukatiza hifadhi ya Mikumi ambamo tembo na twiga ndio wenye haki ya njia. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kucha, hata ruhusa ilipotolewa mwaka 2023. Kwa hiyo saa 14 au 15 ni kawaida, na kwa safari ya Mwanza hesabu mchana na usiku mzima.

Nikizitazama saa hizo 14 au 15 hunijia mfano mmoja ambao kila ninapousimulia watu hudhani natia chumvi. Tarehe 28 Oktoba 2018, Shirika la Ndege la Kenya lilianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York, na muda wake ni takriban saa 15 kwa kwenda na 14 kwa kurudi, juu ya masafa yanayokaribia kilomita 11,900. Mtu akiondoka Songea kwa basi wakati ule ule ambao mwenziwe anaondoka Nairobi kwa ndege, huyu wa basi atakapokuwa anaingia Dar es Salaam, mwenziwe atakuwa amekwisha kuivuka Bahari ya Atlantiki na anajiandaa kushuka Marekani. Hapo ndipo mtu huelewa kwamba neno "mbali" ni la saa kuliko la kilomita, na kwamba serikali inayojenga barabara au uwanja wa ndege inaibadilisha jiografia ya raia wake bila ya kuusogeza mlima hata mmoja.

Tofauti ile ya saa moja baina ya kwenda New York na kurudi ina sababu yake, nayo ni upepo. Juu sana angani, katika nchi zilizo mbali na khatulistiwa, huvuma pepo za nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege inayokwenda Amerika huzipokea usoni ilhali inayorudi Afrika hubebwa nazo mgongoni. Wazee wa pwani hawangeshangaa kusikia habari hiyo. Nahodha wa majahazi ya Maskati na Zanzibar, masafa ya kilomita 3,900 hivi, hakuwa na jawabu moja la kumpa mtu aliyemuuliza safari ni siku ngapi, kwa kuwa jawabu lilikuwa katika msimu: kaskazi ilipovuma, kuanzia mwezi wa Desemba, majahazi yalishuka kuja kwetu, na kusi iliposimama yalipanda kurudi Arabuni, na aliyechelewa kupakia pembe zake na mikoko yake alingoja, wala hapakuwa na nauli ya kumwondolea kungoja huko. Leo ndege hukata njia hiyo kwa saa tano na nusu hivi katika kila mwezi wa mwaka.

Kwa upande wetu wa bara, kipimo cha zamani kilikuwa mguu. Mwaka 1866 David Livingstone aliondoka Mikindani mwezi wa Aprili, akaufuata mto Ruvuma kisha akapita nchi ya Wayao, na alilifikia Ziwa Nyasa tarehe 8 Agosti. Masafa yake kwa rula ni kilomita 600 na kitu, karibu sawa na yale ya pangaboi kutoka Dar es Salaam hadi Ruhuwiko, nayo yalimchukua miezi minne. Ni kweli alikuwa na wapagazi watoro, alikuwa na wanyama wagonjwa, na alikuwa na tabia ya kusimama kutazama mawe na majani. Lakini hata misafara ya Kilwa iliyoijua njia na isiyojali majani ilihesabu safari ya ziwani kwa majuma.

Ndege zilipokuja, hazikuja kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari ya barua kutoka London kuja Afrika Mashariki, na mwisho wa njia hiyo, kwa bahati inayofaa katika maneno haya, ulikuwa ni Mwanza. Barua zilichukua siku kumi hivi, zikibadilishwa kutoka ndege za magurudumu kwenda ndege za majini, na baina ya Iskandaria na Kairo zikipakiwa garimoshi. Ndege zenyewe ziliruka mchana tu na usiku zikalala. Mwaka uliofuata njia ilinyooshwa hadi Cape Town kwa kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na hivyo mji wa Mbeya ukaingia katika ratiba ya dunia. Kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa za majini za kampuni hiyo, zikitoka Southampton kwenda Durban, zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndiyo, Lindi, mji ambao leo mtu akitaka kuufikia kutoka Songea hupita Tunduru na Masasi kwa barabara ya lami ambayo haina umri mkubwa.

Baada ya vita vikuu vya pili mambo yakakimbia. Shirika la East African Airways liliundwa mwaka 1946. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, ya kwanza duniani ya jeti kuchukua abiria wa nauli, iliondoka London kwenda Johannesburg ikapita Entebbe, na ilimaliza safari chini ya saa 24, safari ambayo miaka ishirini nyuma ingehesabiwa kwa siku kumi. Mwaka 1960 East African Airways lilianza kurusha Comet zake lenyewe hadi London, kisha mwaka 1966 likaleta VC10. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila nchi ikaanza shirika lake. Na nadhani wazee wengi waliosafiri zama zile watakubali kwamba tangu wakati huo mwendo wa ndege angani haujaongezeka hata kidogo. Dreamliner iliyowasili Dar es Salaam mwezi wa Julai 2018 huenda kilomita 900 kwa saa, na VC10 ya mwaka 1966 haikuwa nyuma yake. Kilichopungua tangu hapo ni vituo vya njiani, ambavyo vimepungua kwa sababu mafuta yanatosha kwa masafa marefu zaidi.

Kuhusu mstari ulionyooka nina neno moja la kuongeza, kwa kuwa ramani ya ukutani hudanganya. Ukichukua chungwa na uzi, ukauvuta uzi huo baina ya nukta mbili zilizo karibu na kikonyo, utaona unapita karibu zaidi na kikonyo kuliko ulivyotazamia. Na hivyo ndivyo ndege ziendazo baina ya Ulaya na magharibi ya Marekani zinavyopita karibu na barafu za Greenland, jambo linalomshangaza abiria mwenye kudhani amepotezwa. Sisi tulio karibu na khatulistiwa, tena tunaosafiri aghalabu kaskazini na kusini, hatupati mshangao huo sana. Mshangao wetu hutoka kwenye vituo vya kubadilishia. Anayekwenda London kutoka Dar es Salaam kwa kupitia Addis Ababa husafiri kilomita 7,700 hivi, takriban njia ya rula yenyewe. Anayepitia Dubai husafiri 9,500, yaani ameongeza saa mbili za kuruka. Lakini yule wa Addis Ababa akikaa kituoni saa saba na yule wa Dubai akakaa mbili, wa Dubai atatangulia kufika pamoja na kuwa ameizunguka nusu ya Arabuni.

Nimefika sasa kwenye saa zenyewe, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa ni mahali ambapo watu wetu hupoteza nauli zao. Tiketi ya ndege huandikwa kwa saa za usiku wa manane hadi usiku wa manane, na sisi huhesabu kwa jua. Aliyesoma 05:50 akaielewa kuwa ni karibu saa kumi na mbili alfajiri amesalimika. Aliyeisoma kuwa ni karibu saa sita mchana ataikuta kaunta imekwisha kufungwa tangu asubuhi. Hilo watu wamekwisha kulizoea na huulizana. Lisiloulizwa ni la usiku. Katika ada yetu, hususan ya pwani na ya Waislamu wa kila mahali, siku mpya huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Lakini vijana wengi wa leo huuita usiku wa Jumanne ule unaofuata mchana huo. Sasa ndege za kwenda Ulaya na Arabuni hupenda kuondoka usiku mkubwa. Tiketi ikisema Jumanne 00:40, ndege huondoka usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, na msafiri anapaswa kuwa uwanjani tangu Jumatatu baada ya kula chakula cha jioni. Mzee wa kale asiyejua kusoma tarakimu, akiambiwa tu "usiku wa Jumanne," angefika kwa wakati. Kijana aliyesoma chuo ndiye anayefika Jumanne jioni na masanduku yake, akauona uwanja umetulia.

Halafu kuna saa za nchi mbalimbali. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, basi digrii 15 kwa saa moja, basi digrii moja kwa dakika nne. Songea iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii tatu na nusu hivi, na kwa hisabu ya longitudo peke yake jua la Songea liko nyuma kwa dakika 14, ambazo msimu huongeza au hupunguza. Ndiyo maana katika mwezi wa Ramadhani mtu wa Msamala anayeijua dini yake hafungui kinywa kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam. Saa za ukutani haziijali tofauti hiyo, kwa kuwa Tanzania yote, pamoja na Kenya na Uganda, imekubaliana kufuata saa moja. Lakini mpaka ukivukwa, mambo hubadilika ghafla: Malawi na Msumbiji ziko nyuma yetu kwa saa moja nzima, na abiria anayetoka Mbamba Bay kwenda Nkhata Bay, au anayevuka Ruvuma penye Mkenda, hurudisha mshale wake hata kama jua limebaki pale pale lilipokuwa. Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Uingereza iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi. Kwa kuwa tiketi huandika saa ya kuondoka kwa desturi ya huku na saa ya kufika kwa desturi ya kule, mtu akitoa moja katika nyingine bila kuikumbuka tofauti hiyo atadhani kwenda London ni kufupi kuliko kurudi kwa saa nne au sita, na atamsifu rubani asiyestahiki sifa.

Safari fupi nazo zina fumbo lake, ambalo garimoshi jipya limelifunua mbele ya macho yetu. Tangu katikati ya mwaka 2024, reli ya kisasa imekuwa ikiwachukua watu kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na garimoshi la haraka humaliza safari chini ya saa nne. Ndege hutumia saa moja kwa njia hiyo. Lakini mtu akiongeza foleni ya barabara ya Pugu, kungoja uwanjani na teksi ya mwisho, faida iliyobaki ni ndogo mno, na wengi wameamua kwamba haina thamani ya tofauti ya nauli. Kwa Songea hakuna mashindano ya namna hiyo. Reli ya TAZARA inapita Makambako, kilomita 300 kutoka kwetu, na aliyeshuka pale ameimaliza sehemu rahisi ya safari na kuibakiza ngumu.

Kwa nini basi ndege isitoke Songea ikaenda Mwanza moja kwa moja? Uwezo upo: kilomita 950 si kitu kwa pangaboi, ambayo ingezimaliza kwa saa moja na dakika arobaini au hamsini, na yule mama wa Msamala angeondoka baada ya staftahi akafika kabla ya chakula cha mchana. Kinachokosekana ni abiria. Viti 76 vinahitaji watu 76, au walau hamsini, wenye haja ya kwenda Mwanza siku ile ile na wenye nauli mkononi, na Songea haiwezi kuwatoa kila juma sembuse kila siku. Likipeleka ndege hiyo Dar es Salaam, shirika humkusanya ndani yake mfanyabiashara wa Kariakoo, mgonjwa wa Muhimbili, mtumishi aliyeitwa wizarani, mwanafunzi anayekwenda ng'ambo, na yeye mama wa Mwanza, kila mmoja na safari yake. Na viti vikajaa kwa sababu wote hao wamekubali kwenda pwani kwanza, kisha kila mtu akaingojea ndege yake mwenyewe katika ukumbi ule ule wenye viti vya chuma.